Mimi Nimekwisha Kusafiri

Nyumbani kwetu ni Buyenzi, mtaa wa Bujumbura ambao mgeni akiingia husikia Kiswahili kabla ya Kirundi. Barabara zake zinaitwa kwa namba tu, na nyingi zimejaa gereji: watu hufungua injini chini ya mwembe, huuza taa na vioo vya magari yaliyokwisha kufa. Wenzangu darasani wanaotoka milimani hunitania kwamba sisi wa Buyenzi tunakuja chuoni kusomea lugha tuliyonyonya. Mimi nawaambia wasubiri matokeo ya mtihani wa sarufi ndipo tucheke pamoja.

Baba yangu alikuwa dereva wa lori. Aliendesha kati ya Dar es Salaam na Bujumbura tangu 2000 hadi 2021, mgongo ulipokataa. Safari hiyo ni zaidi ya kilomita 1,500 kwenda na nyingine kama hizo kurudi: Kobero mpakani, Ngara, Kahama, Nzega, Singida, Dodoma, Morogoro, kisha bandarini. Ukiongeza siku za kusubiri kupakia na siku za kusubiri karatasi, mwezi ulikuwa unaisha. Nyumbani alikaa siku nne au tano. Siku ya kwanza alilala, ya pili alienda msikitini na kusalimia watu, ya tatu alikuwa gereji chini ya lori, na ya nne tulianza kumzoea. Nilipozaliwa mimi, mwaka 2003, aliambiwa na dereva mwenzake waliyepishana naye Kahama. Walisimamisha malori pembeni, yule akamwambia "una binti," wakapeana mikono, kila mtu akashika njia yake.

Mama alikaa. Sina neno jingine la kueleza alichokifanya kwa miaka hiyo 21. Jiko letu liko uani, chini ya bati, na lina mbabula mbili, yaani majiko mawili ya mkaa. Maharage huwekwa motoni saa mbili asubuhi. Juu ya mfuniko Mama huweka kopo la maji, ili maji ya kuongezea yawe ya moto, kwa sababu anasema maharage yakitiwa maji baridi hununa na hayaivi tena. Mchana tunayala kwa ugali wa muhogo, jioni yaleyale kwa ndizi au lengalenga, ambayo vitabu vyetu vinaita mchicha. Ndagala hupikwa pesa ikiwepo: huoshwa mara tatu hadi mchanga uishe, hukaangwa kavu kidogo kwenye sufuria, kisha ndipo mawese, kitunguu, nyanya na pilipili nzima isiyopasuliwa. Mukeke, samaki wa heshima wa ziwa letu, ulinunuliwa siku Baba anaporudi. Sisi watoto tulijua Baba yuko njiani kwa harufu ya samaki kabla hatujaambiwa.

Na yeye alileta. Chini ya tela kuna sanduku la chuma ambalo madereva huweka vyombo vya kupikia, na ndani ya sanduku hilo Tanzania yote ilikuja kwetu vipande vipande. Vitunguu vilitoka Singida, mchele ulitoka Kahama, zabibu zilitoka Dodoma zikiwa zimepondeka nusu. Mama hajafika hata mji mmoja kati ya hiyo, lakini muulize kitunguu cha Singida kinatofautianaje na cha kwetu atakueleza hadi uchoke. Anaijua barabara ile kwa magunia. Jirani akimwambia mume wake kaenda Singida, Mama humjibu kama mtu aliyepata kuishi huko: "Huu mwezi vitunguu viko chini, atakuja navyo."

Basi Baba alipoacha kazi, sisi watoto tulidhani zamu imefika. Mama ni mzaliwa wa Ujiji. Alikuja Bujumbura akiwa msichana, kukaa kwa mjomba wake aliyekuwa na duka hapa Buyenzi, na hapa ndipo alipoolewa mwaka 1999. Baba alifika Ujiji mara moja tu, kwa boti, kwenda kujitambulisha kwa wakwe. Tangu hapo ni lori na lori. Mama naye alirudi kwao mara moja, mwaka 2012, mama yake alipofariki. Alisafiri na mjomba, analia njia nzima, na anasema kama si muhuri wa mpakani asingejua amepita wapi.

Baba alinunua kiti cha plastiki chenye mikono, akakiweka mlangoni. Hicho ndicho kilikuwa jibu lake kwa kila mwaliko. Harusi ya Gitega hakwenda. Kaka yangu anayefanya kazi Ngozi alimwomba akaone nyumba aliyopanga, akasema ameiona kwenye picha. Ukimwuliza sababu, husema sentensi moja, bila hasira: "Mimi nimekwisha kusafiri." Kama mtu anavyosema amekwisha kula.

Nyumbani, hata hivyo, hakukaa bure. Aliingia jikoni. Kwa mwanamume wa rika lake na wa mtaa wetu jambo hilo lilizungumzwa, lakini madereva wa masafa marefu wote wanajua kupika, la sivyo wangekufa njaa kwenye foleni ya mpakani. Anapika wali na mchuzi wa nyama kwa sufuria moja, wali kwanza, kisha unafunikwa kwa taulo hadi mchuzi uive. Kitunguu hakikatii kwenye kibao, anakikatia kiganjani kwa kisu kidogo, haraka haraka, kama mtu anayeogopa lori la mbele litasogea. Mama hawezi kumtazama akifanya hivyo. Na Baba amezoea ugali wa sembe, anataka ule mgumu wa kukatika, wakati Mama anaamini kwamba ugali ni wa muhogo na huo mwingine ni chakula cha safarini. Siku nyingine kwetu huwa na ugali aina mbili katika sinia moja, na sisi watoto tunajua kwamba mkono ukiegemea upande mmoja, upande mwingine unahesabu.

Huo ulikuwa mzaha. Mwezi wa pili wa 2024 mzaha ulikwisha. Mama mkubwa, dada pekee wa Mama aliyebaki, alipata kiharusi huko Ujiji. Mkono wa kulia na mguu vilikufa ganzi, ulimi ukawa mzito. Alipopigiwa simu tulisikia sauti ikitafuta maneno kama mtu anayetafuta kiberiti gizani, na Mama akawa anamalizia sentensi zake, mara nyingi vibaya, na yule upande wa pili anasema "siyo, siyo."

Mama akasema twende. Alisema "twende", na wenye Kiswahili watanielewa. Hakuomba ruhusa ya kwenda yeye. Mwanamke aliyeolewa mbali, asiyeonekana kwao kwa miaka 12, akitokea peke yake na begi, swali la kwanza Ujiji ni kama bado ana mume. Na mkwe asiyekuja kumwona shemeji yake mgonjwa, huyo watamsema hata wajukuu. Mama alitaka kuingia kwa dada yake na mumewe pembeni, mchana, watu wakiona.

Baba akaanza na mafuta. Kweli mafuta yalikuwa shida, kila mtu aliyekuwa Burundi mwaka ule anajua foleni za magari yaliyolala siku kadhaa mbele ya vituo, na nauli iliyopanda bila kutangazwa. Kisha zikaja mvua. Kisha maji ya ziwa yaliyopanda na kuila barabara ya Rumonge pembeni. Kisha mgongo. Alituma pesa Ujiji, pesa nzuri kwa mtu asiyefanya kazi, akadhani amelipa. Mimi nilijaribu historia. Nilimkumbusha kwamba mwaka 1871 Stanley na Livingstone walitoka Ujiji kwa mtumbwi wakafika hadi upande huu wa kaskazini wa ziwa, na jiwe lao liko hapo Mugere, kilomita chache tu kutoka mjini. Walikuwa wazungu wawili, mmoja mgonjwa, kwa makasia. Baba akanijibu kwamba Livingstone hakuwahi kurudi kwao akiwa hai, na kama chuo hakikunifundisha hilo nirudishiwe ada.

Mama hakugoma kupika. Watu wa nje hawakuona kitu. Alipika maharage. Mchana maharage, jioni maharage, kesho yake maharage, wiki tatu, safi, yameiva, yana chumvi yake, bila ndizi, bila lengalenga, bila tone la mawese. Baba alikula, akasema Alhamdulillahi, akanawa. Siku moja moja alijipikia wali wake, akatupakulia na sisi, na Mama akasema ameshiba. Sijawahi kusikia ugomvi wa kelele kati ya wazazi wangu, na nathubutu kusema kwamba kelele ingekuwa nafuu.

Jioni moja ya mwezi wa tano umeme ulikuwa umekatika, tumekaa uani, Baba anakoroga sufuria yake, Mama anachagua maharage ya kesho kwa mwanga wa simu yangu. Baba akaanza kusema bila kuulizwa, akiangalia sufuria. Alisema mwaka 2009 alikuwa Dar es Salaam, siku ya sita anasubiri kupakia, alipopigiwa simu asubuhi kwamba mama yake ameamka vibaya. Saa sita wakampigia kwamba amefariki. Saa kumi walikuwa wamekwisha kumzika, kama dini inavyotaka. Alisema alikaa kwenye usukani akafanya hesabu: hata angekuwa na ndege. Kisha akaorodhesha mengine, taratibu, kama anasoma majina ya vituo. Watoto wote watatu waliozaliwa hayupo. Nyumba iliyoingia maji hayupo. Kaka yangu alipovunjika mguu, alikuta mguu umekwisha kupona. "Kila nikitoka," alisema, "kitu kinanisubiri nifike mbali ndipo kitokee. Sasa nimekaa. Acheni nikae."

Nilidhani Mama atalainika. Hata mimi nililainika. Mama alitupa jiwe alilolikuta katika maharage, akasema kwa sauti yake ya kawaida: "Mzee, na dada yangu je? Azikwe saa kumi, mimi niko hapa nachagua maharage?"

Hakuna aliyejibu. Wali ukashika chini ukaanza kunukia kuungua, na Baba, ambaye katika maisha yake hajaunguza wali, hakuinua mfuniko.

Nimelifikiria sana jibu lile. Walikuwa wanaogopa kitu kimoja, kuwa mbali siku ya mwisho ya mtu wao. Hofu hiyo ilimfunga mmoja kwenye kiti cha plastiki na kumwamsha mwingine usiku kupanga nguo. Kwa Baba, nyumba ni mahali alipokosa kuwapo. Kwa Mama, nyumba ni mahali ambapo hakuwahi kukosa hata siku moja. Mimi nilisimama upande wa Mama na bado niko huko, kwa sababu rahisi: Baba alikuwa anawalinda watu waliokwisha kufa na watoto waliokwisha kukua, wakati mama mkubwa alikuwa hai, anahesabu siku. Lakini sasa siwezi tena kumwita mvivu, neno ambalo shangazi zangu walikuwa wanalitumia.

Tuliondoka mwishoni mwa mwezi wa nane, mimi na Mama, chuo kikiwa kimefungwa. Baba hakusema ndiyo wala hapana. Asubuhi ile alivaa viatu vyake vya kazi, ambavyo sikuviona tangu 2021, akatusindikiza hadi stendi. Gari lilikuwa Probox, kama yalivyo karibu yote ya kwenda mikoani, na Baba alilizunguka mara mbili. Alipiga tairi teke, akapiga magoti kuangalia chini, akamwuliza dereva breki zilitengenezwa lini na nani. Dereva, kijana wa rika langu, alijibu kwa adabu, maana alimtambua mtu wa kazi. Baba akamwambia abiria wa nyuma wawe wanne na si watano, akalipia kiti cha tano kutoka mfukoni. Kisha akampa Mama mfuko. Ndani mlikuwa na wali wa jana na nyama, umefungwa kwenye kopo la maziwa ya unga, jinsi madereva wanavyofunga. Mama aliupokea bila neno. Tulipofika Nyanza-Lac aliufungua, akala wote, akanibakizia mifupa.

Njia sitaieleza yote. Ziwa lilikuwa kulia kwetu hadi Nyanza-Lac, michikichi ya Rumonge ikapita, kisha tukapanda milima hadi Mabanda, tukabadili gari, tukavuka Mugina kwa miguu na mabegi kichwani. Upande wa Manyovu kuna baridi ambayo sikuitegemea, na kutoka hapo lami inateremka kama kilomita 60 hadi Kigoma. Mama alikaa dirishani. Alisoma kila kibao kwa sauti, pamoja na vya maduka ya dawa. Mwandiga aliuliza bei ya vitunguu kupitia dirisha, akaambiwa, akatikisa kichwa kwamba si vya Singida.

Mama mkubwa alikuwa amelala ubavu, amekonda. Alipomwona mdogo wake alilia kwa jicho moja zaidi ya jingine. Kisha macho yakatupita, yakaenda mlangoni, yakasubiri. Mama akaelewa. Akasema, "Amebaki kulinda nyumba." Mama mkubwa akautafuta ulimi wake, akachukua muda, akasema, "Nyumba... inakimbia?" Chumba kizima kikacheka, na Mama akacheka zaidi ya wote, na hilo swali la kama ana mume halikuulizwa tena.

Ziwa lilikuwa limefunguliwa kama wiki mbili tu, maana upande wa Tanzania uvuvi ulisimamishwa miezi mitatu, tangu tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, ili samaki wazaane. Mama akanunua mukeke, akaambiwa huku unaitwa mgebuka. Samaki ni yule yule, ziwa ni lile lile. Mwalimu wetu wa isimu angefurahi, mimi nilikuwa na njaa tu. Akaupika kwa mawese kama anavyompikia Baba akirudi safari, na mama mkubwa akiwa kitandani anaelekeza kwa mkono wa kushoto: moto punguza, chumvi bado, usigeuze. Mama, mwenye miaka 25 ya jiko lake mwenyewe, alitii kila alama kama mtoto wa darasa la kwanza.

Kila jioni saa moja simu iliita. Baba hakuuliza tumeamkaje wala mgonjwa anaendeleaje, hayo aliyafikia mwishoni. Aliuliza ndagala zinaoshwa mara ngapi. Kesho yake aliuliza kopo la maji linawekwa juu ya mfuniko lini, mwanzo au maharage yakishachemka. Siku ya tatu aliuliza muhogo unaloweka siku ngapi, mtu ambaye unga hununua sokoni. Mama alijibu kila swali kwa urefu, amekaa kizingitini, na kwa jinsi alivyokuwa anachora chora chini kwa kidole nilijua kwamba hakuwa anazungumza na mtu asiyejua kupika.

Mimi nilirudi baada ya siku kumi, Mama akabaki. Nilimkuta Baba uani, mbabula zote mbili zinawaka, maharage kwenye moja, kopo juu ya mfuniko. Aliuliza, "Anarudi lini?" Nikamwambia hajasema. Akasema hewala. Tulikula maharage yake siku zile, na yalikuwa mazuri, ingawa anatia tangawizi, jambo ambalo nimeapa kutolisema nyumbani.

Mama alirudi baada ya wiki tano. Mama mkubwa alikuwa ameanza kukaa mwenyewe na kushika kikombe kwa mkono wa kushoto. Mama alishuka kwenye gari na gunia la dagaa na dumu la mawese, na safari hii yeye ndiye aliyeshusha mizigo na Baba ndiye aliyesimama mlangoni kupokea. Usiku, baada ya kula, akaanza kusimulia njia. Alipofika kwenye mteremko wa Manyovu, Baba akamkatisha, akasema mteremko kama huo dereva anatakiwa ashuke kwa gia ya pili na breki asiiguse.

"Mzee," Mama akasema, "wewe ulipita Kobero miaka yote. Umewahi kupita Manyovu?"

Baba akafikiri. "Sijawahi."

"Basi nyamaza nikueleze."

Akasogeza kiti chake cha plastiki karibu, na Mama akarudia safari kuanzia Mugina, taratibu, kibao kwa kibao.